Hina ya Saa Sita

Wanangu mnaochora leo, mnaonunua hina ikiwa tayari kwenye mirija kutoka ng'ambo, msinicheke nikisema kwamba zamani rangi ilikuwa na siri. Nyinyi mwakata ncha ya mrija, mwabonyeza, ua latoka. Rangi ikiwa hafifu, mwamlaumu mwenye duka. Sisi hatukuwa na wa kumlaumu. Rangi ikitoka mbaya, kiganja chako mwenyewe kilikushitaki kabla hujafungua kinywa.

Nitawaeleza nilivyojifunza kuchanganya, na nitawaeleza wivu, kwa kuwa kwangu mimi mambo hayo mawili yalikorogwa pamoja. Anayetaka kisa cha bibi mwema na aende kwa bibi mwingine.

Jina langu Mejumaa, Mdigo wa Matuga. Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilivuka feri kuja kufua na kufagia kwa Bi Tima, mpambaji wa maarusi, ambaye chumba chake kilikuwa ghorofani, katika kichochoro kinachotokea Ndia Kuu, Mji wa Kale. Nilifua mwaka mzima. Siku moja mpepetaji wake aliugua, Bi Tima akanipa kitambaa cha melimeli na sinia la hina iliyosagwa, akaniambia nipepete mara tatu. Nikapepeta mara tano. Tangu siku hiyo sikurudi kwenye karai la nguo.

Bi Tima hakuiamini hina ya pakiti. Alinunua majani, akayaanika kivulini, maana jua huyanyang'anya ukijani wake, kisha yakasagwa na kupepetwa mpaka ukiisugua kati ya vidole viwili usisikie kitu chochote katikati. Punje moja ikibaki, itakuja kuziba ncha wakati unazungusha ua gumu kuliko yote, kwenye kifundo cha mkono, na bi arusi anakutazama. Kisha ndimu, ichujwe nyama zake zote. Kisha chai ya rangi iliyochemka mpaka ikawa chungu. Sukari kidogo ili hina ishike isipukutike, na matone ya mafuta ya karafuu.

Hiyo sukari kidogo ina maneno. Mimi niliona kwamba ikiwa kijiko kimoja chashika, basi vitano vitashika zaidi. Nikamtia hina mke wa mwalimu mmoja wa madrasa, akajilaza alasiri kupumzika mikono ikiwa bado haijakauka. Sisimizi wakampata. Alikuja juu ngazini amebeba mikono yake mbele kama mtu aliyeshika sahani mbili, sisimizi wanafuatana kwenye mistari yangu, ua kwa ua, bila kupotea njia. Bi Tima aliitazama mikono ile kwa makini akasema, angalau umechora vizuri, hata wadudu wameisoma.

Kuchora nilijaliwa. Nasema bila haya kwa kuwa ndicho kitu pekee nilichojaliwa. Nilianza na njukuti ya mnazi, nikachovya na kuvuta, na wakati tulipoanza kukunja vifuko vya nailoni, kama vile vya karanga lakini vyembamba, mkono wangu ukafunguka kabisa. Nilichora mlango wa nyumba ya kale na misumari yake yote kwenye kiganja cha mtu. Lakini rangi ilinikataa. Hina yangu ilikaa mkononi siku tatu ikiwa na rangi ya ganda la chungwa, kisha ikaondoka kama mgeni asiyeaga.

"Hina yalala, yaamka, yafa," Bi Tima alizoea kuniambia. "Kazi yako ni kuikuta i mato."

I mato, yaani iko macho. Alimaanisha kwamba hina ukiikoroga sasa hivi haitoi kitu. Ni lazima uifunike na kuilaza mpaka rangi iamke. Yeye aliilaza tangu alasiri hadi asubuhi. Utajua imeamka ukiona juu pamekuwa kahawia na ukichimba kwa kijiti chini bado ni kijani. Ukichelewa, inakuwa kahawia hadi chini, harufu yake ya majani mabichi inageuka kuwa chachu, na hapo imekufa. Hina iliyokufa haina dalili nyingine. Inachoreka vizuri, inashika vizuri, na ikifutwa inaacha rangi kidogo ya kukudanganya. Ndiyo sababu mchanganyaji hujaribu kila bakuli kwenye kiganja chake kwanza. Bi Tima alikuwa akitukagua viganja kila asubuhi kama mwalimu anayekagua kucha.

Nasema akitukagua, maana kufikia hapo tulikuwa wawili.

Nuru alikuja miaka miwili baada yangu. Binti wa fundi cherehani wa Kibokoni, mwembamba, mwenye sauti ya chini inayowafanya watu wainame kumsikiliza. Kuchora hakujua, wala hakujua kwamba hajui. Bi Tima alimwuliza mara moja, kwa upole mkubwa, kama alichokichora ni ua ama ni pweza. Nuru akacheka kuliko sisi sote. Lakini mwezi wa pili alipewa bakuli akoroge, na hina aliyokoroga, ilipokauka mkononi, ikafutwa na kukaa siku mbili, ilikuwa nyekundu iliyokolea mpaka ikakaribia weusi, kama mbegu ya ukwaju iliyotiwa mafuta. Bi Tima alikishika kiganja kile muda mrefu. Mimi aliwahi kunishika kiganja, lakini hakuwahi kusahau kukiachia.

Kuna neno kijicho. Mnalijua. Mimi nililijua tangu utotoni bila kulisikia, mpaka siku hiyo nilipolisikia limegawanyika: jicho dogo. Ni jicho jingine linaloota ndani, halina kope, halilali. Lilimtazama Nuru akinawa, akila, akifunga buibui. Lilihesabu mara ngapi Bi Tima amemwita mwanangu. Na ubaya wenyewe ni huu: tulifanya kazi kwenye mkono mmoja. Yeye alichanganya, mimi nikachora. Maua yote yalikuwa yangu. Lakini wanawake walipokutana Makadara, wakashikana mikono kutazamana, waliuliza nani alikutia, na jibu lilikuwa Nuru. Nilisimama nyuma ya mwanamke mmoja dukani, mkono wake umejaa majani yangu hadi kiwiko, nikamsikia akisema, hii ni ya Nuru. Nilitamani kuuvua mkono ule kama glovu niende nao.

Hapa niwaambie jambo la piko, kabla sijasahau, maana mpo mnaolichezea. Piko ni dawa ya kutia nywele weusi. Haikuumbwa kwa ajili ya ngozi. Sisi tuliizungushia kwenye ukingo wa maua mekundu ili yasimame, mstari mwembamba, dakika chache, tukafuta. Mabaharia na wageni walikuja kutaka nanga nyeusi begani, wengine wakitaka wino wa sindano usiofutika, na Bi Tima akiwaambia kwamba kwake hakuchanjwi mtu. Nilimpaka mmoja piko nzito kwa kuwa aliniomba iwe nyeusi kama ya sindano. Alirudi na nanga ya malengelenge. Basi msitafute weusi kwa kuzidisha dawa. Rangi nzuri hutoka kwa subira, na mimi nayajua haya kwa sababu sikuwa nayo.

Mwaka huo mikono ya Bi Tima ilianza kutetemeka. Alituambia waziwazi kwamba Ramadhani ikiisha atamkabidhi mmoja wetu chumba na nyumba. Nyumba, kwa maana yetu, ni zile familia zinazokuita kwa kila harusi, bibi akamwachia binti, binti akamwachia mjukuu. Huwezi kubisha hodi ukaomba kuingizwa. Mpambaji hukushika mkono akakupeleka, akasema huyu ndiye mimi sasa. Mimi msichana wa Matuga, bila kushikwa mkono, mlango gani wa Mji wa Kale ungenifungukia? Ningerudi kwenye karai.

Hivyo nikaanza kuitafuta siri ya Nuru. Niliangalia ndimu zake: zilikuwa ndimu. Nilionja chai yake. Niligundua mawili tu. Kwanza, hina yake haikulala hadi asubuhi kama ya Bi Tima. Pili, niliwahi kukutana naye akishuka darini, kwenye paa bapa la nyumba, na bakuli limefunikwa, nikaligusa kama kwa bahati mbaya, lilikuwa na joto kama mkate uliotoka motoni sasa hivi.

Halafu siku moja napanda ngazi na ndoo ya maji, nikamsikia juu akizungumza na binamu yake. Binamu alimwuliza ni dawa gani atiayo. Nuru akajibu, na mimi nikaishikilia ndoo isigonge ukuta.

"Shoga, sina dawa wala uganga. Hina yangu ni saa sita, basi."

Saa sita. Nilirudi chini na ndoo yangu nikatoka nje, nikasimama kichochoroni nikitabasamu peke yangu. Saa sita darini, juani. Bi Tima huilaza saa kumi na tano, kumi na sita, yeye huilaza sita. Nikamcheka Nuru kwa siri iliyokuwa ndogo hivyo.

Ikaja harusi ya Salma, binti wa nyumba moja ya Kuze, nyumba kubwa ya wenye asili. Bi Tima alikuwa akiingia humo tangu ujana wake, na kila mmoja wetu alielewa kwamba hapo ndipo atakapoamua. Siku ya hina ilikuwa Jumanne, kutolewa bi arusi nje atazamwe ilikuwa Jumamosi. Kwa kuwa michoro ilikuwa mingi, Bi Tima alitugawia: Nuru mkono wa kulia, kwa maua makubwa mepesi ambayo alikuwa amejifunza, mimi mkono wa kushoto. Hina ya Nuru kwa yote miwili. Ilikuwa sheria yake ya zamani, bi arusi mmoja, bakuli moja.

Mimi nikakoroga la pili.

Nilikoroga Jumatatu kwa mjomba wangu, nikaliweka darini kwake saa tatu asubuhi, nikaliondoa saa tisa alasiri. Saa sita kamili, sikuongeza dakika wala sikuchimba kuangalia chini. Nikazidisha mafuta ya karafuu. Nia yangu haikuwa kuuharibu mkono wa mtu, wallahi. Nilitaka mkono wa kushoto uwe mwekundu kuliko wa kulia, na maua yake yawe mazuri kuliko ya kulia, ili Bi Tima aishike mikono hiyo miwili pamoja na asihitaji kuambiwa. Nilitaka wa kushoto uuaibishe wa kulia. Na kiganjani sikujaribu. Ningejaribu, asubuhi Bi Tima angeona alama na kuuliza ya bakuli gani.

Jumanne nilivijaza vifuko vyangu kabla ya kutoka, nikavificha chini ya kikapu. Tulikaa Nuru upande huu, mimi upande ule, Salma katikati amenyoosha mikono kama anaota jua. Nilichora siku hiyo kuliko nilivyowahi kuchora. Tulimkausha kwa moshi wa chetezo, tukampigapiga ndimu na sukari, na jioni tukamfuta kwa mafuta ya nazi. Mikono yote ilitoka rangi ya chungwa, kama kawaida, maana hina njema huiva yenyewe kwa siku mbili. Nuru aliuangalia mkono niliouchora, akasema kwa sauti yake ile ya chini kwamba hajapata kuona kitu kizuri kama hicho. Hata hapo nilijiuliza anataka nini.

Alhamisi asubuhi tuliitwa Kuze, sote watatu.

Salma alikaa kitandani na mikono juu ya mto. Wa kulia ulikuwa umeiva, mwekundu mzito, maua makubwa ya Nuru yakisimama kama yaliyochongwa. Wa kushoto ulikuwa na rangi ya embe lililopigwa na jua. Mistari yangu yote, misumari ya milango yangu yote, ilihitaji kutafutwa kwa mwanga wa dirisha. Na mwajua wanavyosema: hina ikikolea, mavyaa, mama wa mume, atampenda bi arusi, na kila mwanamke wa upande wa mume huja harusini kuutazama mkono huo kabla hajautazama uso. Salma hakulia. Alisema tu kwamba watasema mkono mmoja hautakiwi.

Shangazi yake alikuwa mlangoni.

"Bi Tima, nataka nielewe," alisema. "Mwanangu aolewa na mume mmoja. Mbona mikono ni ya watu wawili?"

Bi Tima alituuliza tulichota bakuli gani. Nuru aliugeukia mkono wa kushoto, kisha akanitazama mimi, na niliona kwamba ameshajua. Mchanganyaji hujua hina yake kama mama ajuavyo kilio.

"Bakuli langu, Bi," alisema. "Huenda nilikoroga vibaya, ya chini ikawa haijaamka. Kosa ni langu."

Wanangu, nimeombwa mara nyingi niwaambie vijana kwamba nilikiri kwa kuwa moyo wangu ulikuwa safi. Haukuwa. Nilimtazama Nuru amesimama pale, ameinamisha kichwa, anabeba kosa langu kwa sauti ya chini, nikamwona shangazi akianza kulainika, nikamwona Bi Tima akimtazama kwa yale macho ya siku ya kiganja. Nikafikiri: rangi anayo. Jina analo. Nyumba atapewa. Na sasa wema nao atauchukua, mimi nibakie na nini? Sikuweza kumwachia na hilo.

"Si lake," nilisema. "Nilikuwa na bakuli la pili. Nililificha."

Bi Tima aliunyoosha mkono wake unaotetemeka.

"Njoo hapa. Nipe kiganja."

Nikampa. Kilikuwa kitupu, cheupe, kimeoshwa.

"Hukujaribu."

"Sikujaribu."

"Kwa nini?"

"Ungeona."

Alikishikilia muda mrefu. Ndiyo, hiyo ndiyo siku aliyokisahau mkononi mwake. Kisha akamwomba shangazi radhi kwa niaba ya nyumba yake yote, akamtuma Nuru akakoroge hina mpya, na mimi nikakaa upande ule ule wa kushoto.

Kurudia mchoro juu ya mchoro ni adhabu msiyoijua. Huwezi kubuni. Unaufuata mstari wako mwenyewe unywele kwa unywele, ukitoka nje kidogo unapata maua mawili yanayogombana. Nilifuata tangu baada ya adhuhuri mpaka karibu na maghrib, kila tone likiwa la Nuru. Nuru alikaa kando yangu akinijazia vifuko, akanipangusa jasho lisidondoke. Hatukuzungumza ila mara moja. Nilimwuliza, bila kuinua kichwa, kwa nini saa zangu sita zimekufa na zake zinaishi.

Nikamtajia ngazi, binamu yake, ndoo. Halafu akaanza kutetemeka kwa kicheko alichokuwa akikizuia kwa sababu ya Salma.

"Saa sita za nini, Mejumaa? Nilisema saa sita. Ya mchana. Jua likiwa utosini naipandisha, nikitoka kuswali adhuhuri nikala, naishusha. Wewe uliipika."

Salma ndiye aliyecheka wa kwanza, kisha shangazi, mlangoni. Mimi nilicheka baada ya siku nyingi. Nilisikia Kiswahili nilichokisema kila siku, nikakisikia vibaya, kwa sababu nilikisikiliza kwa kijicho.

Jumamosi mkono wa kushoto ulikuwa umekaribia wa kulia. Haukuwa sawa, lakini mtu angehitaji kuambiwa ili aone, na walioambiwa hawakusema. Ramadhani ilipoisha Bi Tima alimshika Nuru mkono, akampeleka nyumba kwa nyumba. Nilimwuliza na mimi je. Akaniambia, wewe utachora, ukitaka. Nilitaka kukataa. Nilifika hadi feri na mfuko wangu wa nguo, nikaketi kwenye ukuta, nikatazama vidole vyangu, nikarudi.

Nilimchorea Nuru miaka sita. Alinifundisha yote bila kuficha: bakuli la udongo badala ya bati, maana bati juani huunguza kingo, siku za mawingu kuongeza muda mpaka uone kahawia juu na kijani chini, usiamini saa, ndimu za msimu wa mvua ni maji matupu, ongeza. Kila alichonifundisha nilikipokea kwa mikono miwili na kumchukia kidogo kwa kukijua kabla yangu. Maarusi walimsifu yeye. Nilizoea jinsi mtu anavyozoea kiatu kinachombana, anatembea nacho vizuri lakini anajua.

Kisha Nuru aliolewa, akamfuata mumewe Maskati, na kabla ya kuondoka akanishika mkono mimi, akanipeleka Kuze, Kibokoni, Makadara, kila mlango. Alisema huyu ndiye mimi sasa. Nilisimama kwenye milango hiyo niliyoitamani, nikawa Nuru.

Harusi ya kwanza niliyoikoroga peke yangu, iliiva. Iliiva kweli. Mama mmoja mkubwa aliushika mkono wa bi arusi akaupeleka dirishani, akaugeuza, akaniuliza kama Nuru amerudi. Nilimwambia la, hajarudi, hii nimekoroga mimi. Akautazama tena.

"Basi amekufunza," alisema.

Nikasema ndiyo, amenifunza. Niliusikia ulimi wangu ukilitamka neno hilo, nikangoja liniumize, na halikuniumiza sana.

Nilipofika chumbani niliwasha taa nikakitazama kiganja changu nilichojaribia. Kilikuwa chekundu kuelekea weusi, hakikuwa na dosari. Nikakaa nacho hivyo, nimekifungua mapajani, nikajiuliza huko Maskati, leo, chake kina rangi gani.